Teja Ana Kwao, na Kwao ni Kwetu

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, kijana alikata roho nyuma ya vibanda vya soko mtaani kwetu, hapa Kinondoni, watu wakimwangalia. Nilipofika alikuwa bado anakoroma. Midomo imebadilika rangi, kucha zimeingia weusi, pumzi inakuja moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Waliomzunguka walikuwa wameinua simu wanarekodi. Bajaji ya kwanza tuliyoisimamisha ilimtambua na kuondoka. Dereva wa pili alisema hospitali watamdai PF3, ile fomu ya polisi, naye hataki kesi. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, akatuambia: “Mwacheni, unga ukiisha ataamka.” Hakuamka. Mama yake anauza maandazi hatua chache tu kutoka pale, na hakuna aliyemwita mpaka mwanawe alipofunikwa kanga.

Nawaandikia, ndugu zangu, nikiwa na hasira, na sitaki ipoe kabla hatujafanya jambo.

Chanzo tunakijua sote. Heroini nyingi, huo tunaouita unga, inatoka Afghanistan, inavuka Bahari ya Hindi kwa majahazi, inashushwa pwani yetu. Ajira hakuna, pusha hakosekani. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamphetamini, Dar es Salaam na Iringa. Kazi hiyo ni ya dola, na iendelee. Lakini Ijumaa ile mzigo ulikwishafika zamani, na waliosimama pale hawakuwa askari wala wafanyabiashara wa unga. Walikuwa majirani. Kijana yule alikufa mikononi mwa watu wazima waliokwisha kumzika mioyoni mwao siku nyingi. Hiyo ni aibu yetu, na hatuwezi kumtupia mwingine.

Tunasema wamejitakia. Wangapi kati yetu tumejiuliza unga unamfanya nini mtu? Heroini inashika sehemu zile zile za ubongo zinazotuliza maumivu na kuendesha pumzi. Akishazoea, mwili hauwezi tena kujituliza wenyewe. Saa chache baada ya kete arosto inaingia: kamasi, mifupa kuuma, kutapika, kuhara, kutetemeka kwa baridi saa saba mchana jua likiwaka. Hapo ndipo sufuria ya mama inapouzwa. Na jana yake alipoapa kwa machozi kwamba ameacha, hakuwa anadanganya. Alimaanisha, arosto ikamshinda. Akiiba, apelekwe polisi kama mwizi mwingine yeyote. Tairi na petroli havijamponya hata mmoja.

Wazazi, naomba mnisikilize hapa zaidi ya popote. Tunamfungia kijana chumbani kwa kufuli, tunampeleka kijijini kwa bibi, au anajitahidi mwenyewe anakaa Ramadhani nzima bila kugusa, nasi tunamshukuru Mungu. Wakati huo mwili wake unapoteza ule uzoefu wa unga. Akiteleza sikukuu akavuta au kujidunga kipimo chake cha zamani, kipimo kile kile alichokimudu mwezi uliopita kinaizima pumzi yake. Anayetoka mahabusu yumo katika hatari hiyo hiyo. Kwa hiyo kufuli bila matibabu si ulinzi. Linaweza kumuua mwana unayempenda.

Matibabu yapo. Tangu 2011 Muhimbili inatoa methadoni bila malipo. Mwananyamala na Temeke zikafuata, Zanzibar wakafungua huduma Kidongo Chekundu 2015, na mikoa mingine nayo imepata kliniki zake. Mraibu anakunywa dozi mbele ya mhudumu, kila siku. Inamshika mchana na usiku, arosto haimfikii, akili inatulia, anaweza kushika kazi. Wapo wanaobeza kwamba huko ni kuacha unga na kushika unga mwingine. Mgonjwa wa kisukari anajidunga insulini miaka nenda miaka rudi na hakuna anayemcheka. Kwa wanaotaka kukaa mbali na maskani zao wakati wa kujijenga upya, zipo nyumba za upataji nafuu, wengi wanaziita soba hausi, nyingine zikiendeshwa na watu waliopitia unga wenyewe.

Dozi ya kila siku maana yake nauli kila siku, na hapo ndipo wengi wanapokatikia. Kwa nini tusiichange? Mtaa huu unaunda kamati ya harusi ndani ya wiki moja, kadi zinagawiwa, mweka hazina anapiga simu usiku. Tuunde kamati ya nauli. Kaya 20 zimchukue kijana mmoja, zimlipie daladala miezi ya mwanzo, na mtu mmoja amsindikize mpaka azoee njia. Tukikataa, tutachanga sanda, na sanda hatujawahi kukataa.

Mkimkuta amezimia, msimrekodi. Mwiteni kwa sauti, mtikiseni. Kama anapumua vizuri, mlazeni ubavu ili asipaliwe na matapishi. Kama pumzi imekatika, au inakuja moja moja kwa shida, inueni kidevu, zibeni pua, mpulizieni mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde tano, huku wengine wakitafuta usafiri. Maziwa msimnyweshe, atapaliwa. Maji ya ndoo hayasaidii. Iko dawa, naloksoni, inayoweza kurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Tuidai katika kila zahanati, na mkutano ujao wa mtaa diwani atueleze itafika lini. Madereva wa bajaji na bodaboda, vijiwe vyenu vikubaliane kwamba mgonjwa wa unga anabebwa kama mgonjwa yeyote, na mwenyekiti wa mtaa asimame nanyi msije mkasumbuliwa.

Mashekhe na wachungaji, mimbari mnayo, itumieni. Mafundi, mpeni anayerudi kazi, hata ya kupiga msasa. Na mabinti zetu walio kwenye unga tusiwasahau: wanatukanwa mara mbili, wanabakwa huko maskani, na kliniki wanafika wachache kwa sababu ya aibu tunayowavisha sisi. Akina mama wa vikoba, wafuateni.

Nawasihi. Wako wengine mtaani humu leo hii, tunawajua kwa majina na tunajua walisoma shule gani. Wewe mzazi unayemficha mwanao ili majirani wasijue, majirani wanajua. Mpeleke kliniki kesho asubuhi. Kama huna wa kukusindikiza, gonga mlango wa pili. Na wewe utakayegongewa, vaa viatu uende naye.