Mhadhiri Naye Hupewa Maksi

Kama una mtoto chuo kikuu, au wewe mwenyewe ndiwe mwanafunzi na umelinyakua gazeti hili kabla ya baba kuamka, hebu nikuulize: muhula uliopita ulimpa mhadhiri wako maksi ngapi?

Usishangae. Katika vyuo vyetu vingi, wiki mbili tatu kabla ya mtihani, mwanafunzi hugeuka mwalimu. Huingia kwenye mtandao wa chuo kwa nambari yake ya usajili na neno la siri, akakuta orodha ya masomo aliyojiandikisha, na chini ya kila somo maswali kumi au zaidi. Je, mhadhiri alifika darasani kwa wakati? Alitoa mpango wa somo mwanzoni mwa muhula? Aliumaliza? Kazi alizosahihisha alizirudisha? Mwanafunzi hujibu kwa nambari, moja hadi tano, na mwishoni pana kisanduku kitupu cha kuandika maoni. Akishabofya kitufe cha kutuma, aghalabu hawezi tena kurudi kubadilisha neno.

Vyuo vingine vimeongeza na mtego: usipojaza tathmini ya masomo yote, kadi yako ya mtihani haitoki. Nia yao ni njema, kwani bila mtego huo wengi hawangejaza. Lakini sasa fikiria kijana aliye bwenini saa nne za usiku, mtihani ni kesho kutwa, bando la simu linakaribia kwisha. Atasoma maswali? Atabofya tano, tano, tano mpaka chini. Kijana mmoja alinieleza, tena kwa fahari, kwamba aliwatathmini wahadhiri saba kwa dakika tatu huku akila chapati. Nambari hizo ndizo zinazokwenda kujumlishwa na kugawanywa, kisha zikaitwa maoni ya wanafunzi.

Jambo hili lilinirudia akilini majuzi nikiwa Garissa. Jua la huko unalijua au umelisikia. Ukivuka daraja la Mto Tana saa saba mchana, hata mbuzi wanatafuta kivuli. Nilikaribishwa chai ya maziwa ya ngamia na anjera nyumbani kwa mama mmoja mfanyabiashara, na hapo nikamkuta bintiye aliyekuja nyumbani wikendi kabla ya mtihani. Binti husoma katika tawi la chuo kimoja ambacho sitakitaja, ila si Chuo Kikuu cha Garissa mnachokifahamu. Alikuwa ameishika simu mkononi, ukurasa wa tathmini uko wazi, na hakuwa amejaza hata swali moja.

"Anti, wewe ni mwandishi," akaniambia. "Huyu nimwandikie nini?"

Huyu alikuwa mhadhiri wa kibarua, anayelipwa kwa kipindi, atokaye mbali. Muhula mzima alifika mara nne. Kila alipofika alifundisha kutwa nzima, kuanzia asubuhi mpaka jua likatua, na binti akakiri kwamba hajapata kusikia somo lile likielezwa vizuri namna ile. Siku nyingine zote darasa lilitumiwa kurasa za kusoma kwa simu, basi.

Mama aliyekuwa akimimina chai akadakia kabla sijafungua kinywa. "Hooyo," akamwambia bintiye, kwa neno lile lile ambalo binti humwitia yeye, maana ndivyo Wasomali waitanavyo mzazi na mwana, "mpe tano. Mtu amepanda basi kutoka Nairobi mpaka huku, wenzake wamekataa. Utamlipa ubaya?"

Ukiwa Nairobi au Nakuru, maneno ya mama yule unaweza kuyachukulia kuwa ni adabu tu za wazee. Kaskazini Mashariki yana uzito mwingine. Mnamo Novemba 22, 2014 basi lililotoka Mandera likielekea Nairobi lilitekwa na abiria 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo. Miezi michache baadaye, alfajiri ya Aprili 2, 2015, Garissa ikapata msiba ambao hakuna mzazi nchini aliyeusahau. Chuo kile kilichoanza 2011 kama tawi la Chuo Kikuu cha Moi, katika majengo ya iliyokuwa taasisi ya kufunzia walimu, kilivamiwa na watu 148 wakauawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Waliosalia walihamishiwa Eldoret. Milango ilipofunguliwa tena Januari 2016, waliorudi madarasani walikuwa wachache, wengi wao wenyeji. Chuo hakikufa, mnamo Oktoba 2017 kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Lakini hofu haikwisha kwa hati. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti hiyo hiyo ya Garissa, na tume ya TSC ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Zipo shule ambazo watoto walifika asubuhi, wakaketi, wasimwone wa kuwafundisha.

Kwa hivyo mama aliposema "mpe tano", hakuwa akizungumzia ufundishaji. Alikuwa akiogopa kiti kitupu.

Nilimwelewa. Hata hivyo nilimtazama binti, nikajiuliza: kama kila anayekubali kuja huku atapewa tano kwa kuja tu, ni nani atakayejua kwamba watoto wa huku walifundishwa siku nne badala ya muhula? Shahada yake na ya mwenzake wa Nairobi zitaandikwa maneno yale yale. Mwajiri hatauliza habari za basi.

Kuna na jambo la pili, ambalo binti ndiye aliyelitaja. Darasa lao lina watu tisa, wasichana wawili. Fomu inasema jina halitaonekana, na pengine kweli halionekani. Lakini katika watu tisa, jina la nini? Akiandika Kiswahili chenye lafudhi ya nyumbani, atajulikana. Akilalamika kwamba vipindi vya mpaka magharibi vinamtatiza msichana kurudi anakokaa, waliosalia kushukiwa ni wawili. Vyuo vingine vya ng'ambo vililiona hili, vikaweka kanuni kwamba wakijibu wanafunzi wachache mno, tuseme chini ya watano, ripoti ya somo hilo haitolewi. Ni kinga nzuri, ila nayo ina kasoro yake: madarasa madogo, ambayo ndiyo yenye shida, huishia kutosikika kabisa.

Wasomali wenyewe wanajua thamani ya kutaja bei bila kusikiwa na wapita njia. Katika masoko yao ya mifugo, muuzaji na mnunuzi wa ngamia huweza kushikana mikono chini ya shuka, wakapatana kwa kubonyezana vidole. Waliosimama kando huona shuka tu. Tathmini ya mwanafunzi ilikusudiwa iwe hivyo. Tofauti ni kwamba sokoni wote wawili wanajua wameafikiana nini shuka ikiondolewa. Mwanafunzi hubonyeza kidole, mkono wa pili hausikii ukijibu.

Mimi binafsi sina haki ya kumcheka mtu katika jambo hili. Nilipokuwa nikisomea diploma ya uandishi wa habari, fomu zilikuwa za karatasi. Mhadhiri mwenyewe alizigawa, akasimama pale mbele mikono nyuma, akazikusanya moja moja huku akizipitisha macho. Darasa zima tukaandika "bora kabisa". Hati ya mkono wangu aliijua, alikuwa ameisahihisha mwaka mzima.

Aibu yangu kubwa si hiyo, ila ya muhula uliofuata, pale tulipoachwa peke yetu kwa uhuru kamili. Tulikuwa na mhadhiri mcheshi aliyetuvunja mbavu toka mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Nilimpa alama za juu zote. Na tulikuwa na mama mmoja mkali, aliyeirudisha kila makala yangu ikiwa imechorwa wino mwekundu kama iliyochinjiwa kuku. Huyo nikamkomesha kwa mbili na moja. Leo hii nikiketi kuandika safu kama hii, ni wino wa mama yule unaonishika mkono. Yule mcheshi simkumbuki alifundisha nini.

Wala si mimi pekee niliyepumbazwa. Mnamo 1970 huko California watafiti walimkodi mwigizaji wa filamu, wakamvisha jina la Dkt Myron Fox, wakamsimamisha mbele ya madaktari wa akili na wataalamu wa elimu. Mhadhara wake ulikuwa wa kuchekesha, umejaa maneno makubwa na mambo yanayopingana, na hauna maana yoyote. Wasikilizaji wakamsifu sana katika fomu. Hao walikuwa watu wazima wenye shahada! Katika utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa 2015, mwalimu mwanamume na mwalimu mwanamke walifundisha kwa mtandao bila kuonekana, wakabadilishana majina kwa baadhi ya makundi. Jina la kiume likapata alama za juu, awe nyuma yake ni nani. Na mnamo 2018 msuluhishi mmoja wa migogoro ya kazi mjini Toronto, Canada, aliamua kwamba chuo kimoja huko kisitumie wastani wa fomu hizi kupima kama mhadhiri anafundisha vizuri anapofikiriwa kupandishwa cheo.

Basi fomu zitupwe? Sisemi hivyo. Mwanafunzi huenda asijue kama mhadhiri ni bingwa wa somo lake, lakini anajua bila kubahatisha kama alikuja darasani. Anajua kazi ya nyumbani ilirudi au haikurudi, na mtihani ulitoka katika waliyofundishwa au la. Hayo hakuna mkaguzi ayajuaye kumzidi. Tangu sheria ya mwaka 2012 ilipounda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, vyuo vyetu hutakiwa viwe na utaratibu wa kujikagua, na maoni ya wanafunzi ni sehemu ya ukaguzi huo. Shida ni kwamba tunawauliza wanafunzi wasichokijua, na wanachokijua tunakifanya kiwe nambari isiyosema kwa nini. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49 wakidai pesa zao. Ukiulizwa kama mhadhiri alihudhuria vipindi vyote, jibu la kweli ni hapana. Na kosa ni la nani?

Nikaja kwenye swali ambalo wazazi wengi hawajawahi kuliuliza: zikishatumwa, nani huziona? Kwa kawaida kompyuta hupiga wastani, ripoti ikaenda kwa mhadhiri, mkuu wa idara, mkuu wa kitivo na ofisi inayosimamia ubora. Utaratibu mzuri ni mhadhiri aione baada ya kuwasilisha maksi za wanafunzi, asije akalipiza. Mwanafunzi huona neno "asante". Huko Harvard, tangu 1925 gazeti la wanafunzi lilianza kuwachapishia wenzao habari za kozi na walimu, ili mtu ajue anakoingia. Lakini mwanafunzi wa huko huchagua. Wetu huchaguliwa na ratiba. Somo ni moja na mhadhiri ni mmoja. Kumwonyesha kwamba fulani alipata tatu nukta mbili hakumsaidii kitu. Anachotaka kuona ni mstari mmoja mwanzoni mwa muhula mpya: mlisema hivi, tumefanya hivi, hili tumeshindwa. Kubandika mstari huo ukutani hakuhitaji hata mtandao.

Tukarudi kwa binti na simu yake. Nilimwambia aachane na "mvivu" na "mzuri", aandike vinavyohesabika. Akafikiri, akaandika kwa Kiingereza cha kawaida kisichomtambulisha, nami nakupa kwa lugha yetu: tulikutana siku 4 kati ya wiki 14, siku hizo alifundisha vizuri sana, tunaomba tarehe za kuja kwake zijulikane mapema, na alipwe nauli kwa wakati ili aweze kuja. Kwenye swali la mahudhurio akaweka mbili. Kwenye uelezaji akaweka tano.

Mama alitaka asomewe. Alipofika pale pa nauli akanyamaza, kisha akasema, "Hiyo si kumkosea adabu." Binti akawapigia wenzake wanane mmoja mmoja, nao wakakubali kila mtu aandike kwa maneno yake, hesabu ikiwa ile ile. Watu tisa wakisema siku nne, hakuna wa kumnyoshea kidole.

Juma lililopita nilimpigia mama simu, nikasingizia nauliza bei ya maziwa.

"Na yule mwalimu?"

"Amerudi," akasema. "Jumatatu ya kwanza, saa mbili asubuhi yuko darasani. Tarehe zake zote amewapa."

Kama ni kwa sababu ya yale waliyoandika, au ni nauli iliyotoka, hakuna aliyewaambia. Binti ameshakwenda ofisini mara mbili kuuliza kama matokeo ya tathmini yanaweza kuonekana. Ameambiwa arudi Alhamisi.