Machipuko ya Nani?

Waandishi wenzangu, tuambizane ukweli! Kila hadithi ya mapenzi siku hizi lazima wapendanao watoke kwenda kwenye bustani "majira ya machipuko", maua yamechanua, bendi inapiga. Nakaa Ubungo, machipuko hayo sijayaona. Mwingereza anayashangilia kwa sababu ametoka kwenye theluji. Wewe umetoka wapi? Si umetoka kwenye daladala!

Mnataka maua? Wapelekeni Kitulo, nyanda za juu kusini, hifadhi ya taifa tangu 2005. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo okidi 45. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na maua yake huchanua wakati wa mvua, sio baada ya theluji.

Mnataka muziki wa laivu? Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Unguja mwaka 2004, hufanyika Februari, kaskazi ikivuma na jasho likichuruzika. Hayo ndiyo majira yetu: kaskazi, masika, kipupwe, vuli.

Mwandishi asiyejua mvua ya kwao inaleta ua gani, mapenzi ya watu wa kwao atayajulia wapi? Tuache kuazima, jamani. Tuandike kwetu.