Msamaha ni Haki ya Aliyedhulumiwa

Desturi yetu ya pwani mwaijua. Mtu akitia nia ya kwenda Makka huzunguka mtaani akiomba radhi, hata kwa jirani waliyegombana kwa ajili ya ukuta au mbuzi. Haombi kwa jumla. Humwendea mwenyewe, akamtajia kosa, na kama pana deni akalilipa kwanza. Kwani mashekhe wametufunza kwamba haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe.

Wengi wa mahujaji hao pasipoti zao zilitoka Nyayo House, lile jumba refu la Nairobi kwenye pembe ya barabara za Kenyatta na Uhuru. Chini ya jumba hilo mna vyumba vya giza. Katika miaka ya 1980, hasa kuanzia 1986 serikali ilipokuwa ikiwasaka watu wa Mwakenya, walimu, wanafunzi na wengineo walifungiwa humo. Walipigwa, vyumba vikatiwa maji nao wamo ndani, siku baada ya siku, mpaka wengine wakakubali mashtaka wasiyoyajua. Mwezi wa Februari 2003 mlango ulifunguliwa, wananchi wakajionea.

Nayasema haya kwa kuwa nimechoka kusikia watu hao wakiambiwa wasahau.

Rais Moi alipokuwa akiondoka madarakani mwaka 2002 aliomba msamaha kwa kila aliyemkosea, naye akasema amewasamehe waliomkosea yeye. Ni maneno mema, lakini ni ya jumla. Kisha akastaafu kwa amani. Nyumba yake ya Kabarnet Gardens, upande wa magharibi wa mji karibu na barabara ya Ngong, haikuvamiwa na mtu, wala hakushtakiwa kwa mambo ya Nyayo House mpaka alipofariki tarehe 4 Februari 2020. Na katika waliofungwa zamani wapo waliopata kuwa wabunge na hata mawaziri! Kama ni kisasi, nguvu walikuwa nazo. Wenzao walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamua watu 21 walipwe fidia. Kudai haki mbele ya kadhi au jaji si kisasi, na anayeviita hivyo anawaonea mara ya pili.

Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali zote zilizopita, akaagiza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu. Kanuni za kuutumia mfuko huo zikakwama miaka na miaka. Waingereza nao, Juni 2013, walisema wanasikitika tu, lakini wakatoa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 wa wakati wa Mau Mau, na sanamu ya ukumbusho ikasimamishwa Uhuru Park, ng'ambo ya barabara kutoka Nyayo House. Ajabu ya mambo: mkoloni alilipa bila ya kutaka radhi, sisi twataka radhi na malipo hayaonekani.

Wako watakaoniambia kwamba Muislamu husamehe. Kweli, na Mtume (S.A.W.) aliwasamehe watu wa Makka mwaka wa 8 wa Hijra. Lakini Qurani imemruhusu aliyedhulumiwa malipo ya sawa kwa sawa, kisha ikamsifu anayesamehe; hiari ameachiwa yeye. Na Wahshi, aliyemuua Hamza katika vita vya Uhud, aliposilimu alikubaliwa, lakini Mtume alimtaka asimwonyeshe uso wake. Ikiwa yeye kidonda kilimuuma hivyo, nani atamkaripia mzee aliyesimamishwa ndani ya maji gizani?

Waliopitia vyumba vile wamekuwa wakiomba vihifadhiwe, watu wavione. Si ombi kubwa. Baadhi yao wamekwisha kufa, na haki yao sasa iko kwa warithi wao kama deni jingine lolote. Kuwatafuta si kazi ngumu. Majina ya wengi yamo katika majalada ya mahakama.