Lusenda: Boti ya okazioni ilale kwanza majini

Huko Lusenda, kando ya Ziwa Tanganyika katika wilaya ya Fizi, boti ya okazioni hununuliwa kwa masikio. Muuzaji anavuta kamba, moteri inanguruma, watu wanaitikia kwa kichwa, na dola zilizokusanywa na likelemba nzima zinahesabiwa hapo hapo ufukweni. Mbao zinatazamwa mwishoni, kama zinatazamwa.

Huko ni kuanzia nyuma. Moteri ikifa, fundi wa Baraka anaweza kuifungua. Ubao wa chini uliooza hauna fundi katikati ya ziwa ambalo kina chake kinafika mita 1,470.

Rangi mpya ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Boti ivutwe nchi kavu, kisha ncha ya kisu isukumwe taratibu kwenye mbao za chini, pale zinapokutana na mbavu, na nyuma mahali moteri inapofungwa. Mti mzima unakataa kisu. Uliooza unakipokea kama muhogo uliolowekwa. Kutu inayochuruzika chini ya misumari nayo ina habari yake: maji yamekuwa yakiingia hapo siku nyingi.

Baada ya kisu, boti ipakiwe mifuko ya mchanga yenye uzito wa mzigo wake wa kawaida, iachwe ilale majini. Kila boti ya mbao hutoa machozi kidogo. Iliyokaa juani muda mrefu itavuja zaidi usiku wa kwanza, kwa sababu mbao zilikauka, zikivimba zinajifunga. Hiyo ipewe usiku wa pili. Ila kama asubuhi mifuko inaogelea, mazungumzo ya bei yamekwisha.

Wengine watasema kungoja ni hasara, mnunuzi mwingine atakuja na pesa mkononi. Ni kweli, boti nzuri haikai. Lakini mshahara wa mlinzi wa usiku mmoja ni kidogo sana mbele ya akiba ya mwaka mzima, na muuzaji anayekataa usiku huo amekwisha kujibu.

Moteri iguswe kabla ya kuwashwa. Ikiwa na joto, muuzaji ameitayarisha mapema. Ingojewe ipoe ndipo ivutwe kamba. Ikiwaka, maji ya kuipoza yatoke pembeni kwa nguvu bila kukatika. Mafuta ya gia yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Na moteri iliyowahi kufanya kazi baharini, pwani ya Tanzania, iogopwe zaidi: chumvi huila kutoka ndani, huku nje inang'aa.

Namba iliyopigwa kwenye chuma ni jambo la pekee. Wavuvi wa ziwa hili wameporwa moteri mara nyingi, wengine kwa bunduki. Anayenunua moteri yenye namba iliyokwanguliwa ajue kwamba siku moja mwenyewe anaweza kuitambua bandarini Baraka. Karatasi ya mauzo iandike namba hiyo, majina ya pande zote mbili na mashahidi.

Kosa kubwa kuliko yote linafanyika kwenye hesabu: pesa zote zinaishia kwenye boti na moteri, hakuna inayobaki kwa majile ya kuokoa maisha. Halafu deni linadai, na mwenye boti anapakia kupita kiasi ili alipe haraka. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama Ziwa Kivu karibu na Goma. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba ilikuwa na watu 278 na kwamba wasiopungua 78 walikufa. Boti hiyo ilikuwa ya kubeba watu 80 hivi.

Kwa hiyo likelemba yenye pesa kidogo inunue boti fupi zaidi, na moteri ya nguvu 15 badala ya 40, kisha ibakize pesa ya jile kwa kila kiti. Itachelewa kufika Baraka, na itakunywa esansi kidogo. Wenyeji wa Lusenda na wakimbizi wa Burundi wanaoishi kambini tangu 2015 wana haki ya kuuliza, kabla ya kulipa nauli, majile yako wapi. Wakuu wa bandari nao wasingoje msiba ndipo wahesabu: boti iliyouzwa isipakie abiria hata mmoja kabla ya mwenye boti mpya kuonyesha karatasi yake ya mauzo na majile yake, yakiwa yamepangwa juu ya mchanga.