Mgeni wa Mzazi na Kikombe cha Uvunguni

Katika vijiji vyetu vya Singida, tangu Manyoni hata Mkalama, habari ya kwamba mhudumu wa afya atafika kesho kumtazama mzazi na kichanga chake haipiti bila ya kuitikisa nyumba: ua hufagiwa kabla ya jua kuchomoza, shuka iliyowekwa sandukuni kwa ajili ya arusi na misiba hutolewa ikatandikwa, mtoto huogeshwa, akapakwa mafuta, akanyonyeshwa hata akalala fofofo, na kile kikombe kidogo alichokuwa akinyweshewa maji ya uvuguvugu, au uji mwepesi wa uwele, husukumwa uvunguni mwa kitanda, mahali ambapo jicho la mgeni halitafika. Kumkirimu mgeni ni ada njema, wala mimi si mtu wa kuibeza; walakini nathubutu kusema kwamba matayarisho ya namna hii, pamoja na uzuri wake wote, humrudisha mgeni alikotoka akiwa hakuona kitu.

Maana amekuja kutazama nini? Amekuja kumwona mtoto akinyonya, naye mtoto aliyelala kwa shibe hanyonyi. Ataka aone kama kinywa kimefunguka sawasawa, kama mdomo wa chini umebinuka kwa nje na kidevu kimegusa ziwa, na kama ule weusi unaoizunguka chuchu umeingia kinywani au mtoto ang'ang'ania ncha peke yake. Maana michubuko inayomfanya mzazi aume meno kila amletapo mwanawe kifuani, aghalabu asili yake ni namna ya kumpakata na kumpachika mtoto, jambo ambalo mtu mwenye maarifa huweza kulisahihisha pale pale mkekani. Simaanishi kwamba mtoto ashindishwe njaa ili mgeni apate tamasha. Akilia anyonyeshwe, na mgeni mwenye adabu ya kazi yake atakaa kitako angoje zamu ya pili. Nepi zilizolowa tangu jana nazo zihesabiwe kabla ya kufuliwa, kwani mtoto wa juma moja apataye maziwa ya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa usiku na mchana, na hesabu hiyo, pamoja na uzito ulioandikwa katika kadi ya kliniki, hulijibu swali la kama maziwa yanatosha, tena vizuri kuliko kilio cha mtoto.

Nirudi kwenye kikombe. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 64 katika kila 100 walio chini ya miezi 6 hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee, nasi tukafurahi, na ni haki yetu kufurahi. Lakini hesabu ya namna hii hupatikana kwa kumwuliza mama mtoto alipewa nini jana mchana na usiku, na mama hujibu. Hakuna mtafiti aendaye kupekua uvunguni. Mwenye kuficha kikombe hafanyi hivyo kwa ubaya. Ameambiwa zahanati kwamba maziwa ya mama yana maji yamtoshayo mtoto hata katika kiangazi chetu cha upepo na vumbi, naye anasadiki. Ila nyumbani ameambiwa na mkubwa kuliko muuguzi kwamba mtoto ana kiu, na kwamba dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, ni uchafu wa kukamuliwa na kumwagwa. Baina ya wakubwa wawili, amechagua kumridhisha kila mmoja mahali pake.

Ndiyo sababu naona kwamba tayarisho lililo bora ni kumkalisha mavyaa barazani. Desturi ya kungoja bibi aende kisimani ndipo mgeni atoe nasaha zake haina faida, kwa sababu mgeni ataondoka magharibi, na bibi ndiye atakayeamka usiku wa manane mtoto aliapo. Aitwe kwa taadhima, aulizwe aliwaleaje wanawe, maana mengi aliyoyajua ni ya haki: kumbeba mtoto ubavuni, kumnyonyesha usiku, kumpumzisha mzazi siku zake 40. Aliyesikilizwa kwanza husikiliza baadaye. Hata hivyo mzazi naye apewe nafasi ya faragha, japo kwa kusingizia kupima uzito chumbani, kwa kuwa yako mambo ya mwili wake na ya kadi yake yasiyosemeka mbele ya wakwe; na mtoto akiwa amekonda, mama huogopa kutamka, asije akaambiwa yeye na mumewe hawakujizuia, wamembemenda mtoto. Tuhuma hiyo imewafunga midomo wanawake wengi, na mimi siioni kuwa na msingi wowote.

Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa muda wa miaka 5, na tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamekuwa wakishauri kwamba mtoto azuriwe nyumbani ndani ya saa 24 za kwanza, kisha siku ya 3, na ikiwezekana siku ya 7. Ni mwendo mzuri, endapo mgeni atamkuta mtu. Mwezi wa Januari, mvua ikiwa imeshika, anaweza kukuta kufuli mlangoni na mzazi yuko katika alizeti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo, na akirudi kazini hadi saa 2 kila siku za kunyonyesha, na humpa baba siku 3; lakini mkulima wa Ikungi au Iramba mwajiri wake ni mvua, nayo haitoi likizo. Basi baba wa mtoto, ambaye katika habari hii yote sijamtaja ila kwa tuhuma, asubuhi ile jembe la mkewe alishike yeye, na ndoo ya maji pia, ili mgeni atakapobisha hodi amkute mzazi ameketi.