Wazazi wa Kongowea, Sarufi ya Kiingereza Tusiiogope

Wazazi wenzangu, nanyi mabibi na mababu mnaolea wajukuu: jioni mtoto anapofungua daftari la Kiingereza, wengi wetu hujitoa. "Kamuulize mwalimu, mimi Kiingereza sikijui." Nawaomba tusijitoe tena. Sehemu kubwa ya anachokitafuta mtoto katika zoezi la sarufi tayari anacho kwa Kiswahili, na sisi tunaweza kumsaidia kukitumia.

Zoezi lenyewe huuliza mambo mawili. Neno hili ni la aina gani: nomino, kitenzi, kivumishi? Na tendo hili ni la wakati gani?

Tutazame soko letu la Kongowea, malori ya bara yanapowasili. "They load the lorry." "The load is heavy." Neno "load" limo kotekote, wala halikubadilika hata herufi moja. Mtoto aliyekariri kwamba hilo ni kitenzi atakosea sentensi ya pili. Mwambie aziseme kwa Kiswahili: wanapakia lori, mzigo ni mzito. Papo hapo ataona kitenzi ni kipi na nomino ni ipi. Kisha arudi kwenye Kiingereza atafute dalili: la kwanza limetanguliwa na mtendaji, "they", la pili limetanguliwa na "the". Kiingereza hakina ngeli kama zetu, kwa hiyo mara nyingi neno hutambuliwa kwa mahali lilipokaa katika sentensi.

Nyakati nazo ni hivyo hivyo. "She sells mangoes" na "She is selling mangoes" huwatatiza watoto, kwa kuwa "anauza" yaweza kubeba maana zote mbili. Lakini tunayo "hu-". Muulize: huuza maembe, ndiyo kazi yake, au anauza sasa hivi? Akijibu hilo, amepata jibu la Kiingereza. Pa kumtahadharisha ni hapa: sisi twasema "ameondoka jana" bila taabu, ila Kiingereza hakikubali. Ikitajwa "yesterday", ni "left", si "has left".

Ujuzi wa lugha yetu tusiudharau. Mmisionari Ludwig Krapf, ambaye mnara wake uko Nyali, alifika Mombasa mwaka 1844. Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, na mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya lugha hii kikachapishwa. Wenyeji hao walikuwa na cha kufundisha. Nasi tunacho.

Basi nawaombeni hivi. Mzazi, hata kama umerudi sokoni umechoka, mpe mtoto dakika kumi. Asome sentensi tano, kisha muulize: Nani? Kafanya nini? Lini? Ajibu kwa Kiswahili, halafu akuonyeshe neno la Kiingereza lililompa kila jibu. Nanyi walimu mliostaafu, wa Kongowea, Kisauni na Freretown, tupeni saa moja kila Jumamosi asubuhi, barazani kwenu tu, watoto wa mtaa waje na madaftari yao. Vijana wa sekondari, kaeni na wadogo zenu. Sarufi hii mtaikuta tena katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, na anayemfundisha mwenzake huielewa zaidi.

Katiba yetu ya 2010 imezifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Watoto wetu wana haki ya kuzimiliki zote mbili. Tuanze leo jioni.