Chipukizi wa Nchi ya Majani Chai: Tathmini ya Msimu wa Riadha wa 2025

Mashindano ya Dunia ya Riadha yalipomalizika jijini Tokyo mwezi Septemba 2025, timu ya Kenya ilirejea nyumbani na medali 11: dhahabu 7, fedha 2 na shaba 2. Ilishika nafasi ya pili nyuma ya Marekani. Kwa anayeitazama jumla peke yake, huo ulikuwa msimu wa neema, hasa akikumbuka kwamba Budapest mwaka 2023 dhahabu zilikuwa 3 tu. Hata hivyo, jumla ina tabia ya kusitiri mengi. Kati ya dhahabu hizo 7, wanawake walizoa 6. Wanaume waliambulia moja, ile ya Emmanuel Wanyonyi katika mita 800. Katika mita 5,000 na mita 10,000 wanaume wa Kenya hawakupata hata shaba. Katika mbio za kuruka viunzi na maji, ambazo tangu 1968 Kenya haikuwahi kushindwa katika Olimpiki yoyote iliyohudhuria hadi Tokyo ya 2021, shaba ndiyo iliyopatikana, na aliyeileta ni kijana Edmund Serem, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa bingwa wa dunia wa chini ya miaka 20 jijini Lima.

Timu yenye mguu mmoja imara na mwingine unaochechemea haiwezi kusifiwa kwa pumzi moja. Walakini ndivyo ilivyosifiwa.

Katika kaunti ya Kericho shangwe zilikuwa na sababu ya ziada. Dhahabu 3 kati ya zile 7 zilitoka huko: mbili za Beatrice Chebet katika mita 5,000 na 10,000, na moja ya Faith Cherotich katika kuruka viunzi na maji. Tokyo ndiyo pia iliyomwona Wilson Kiprugut Chuma, mwana wa Kericho, akitwaa shaba ya mita 800 mwaka 1964, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa taifa lililokuwa halijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Kiprugut alifariki mwaka 2022. Hakuijaliwa siku hiyo.

Magwiji hao walipokwisha kupongezwa, yalianza maswali ya desturi: nani anafuata? Chebet mwingine yuko wapi? Vyombo vya habari havikawii kumtaja msichana wa shule aliyeshinda mbio za nyika za wilaya na kumvisha methali ya nyota njema kuonekana alfajiri. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanajua kwamba methali hiyo haisemi lolote kuhusu nyota zilizoonekana alfajiri zikazama kabla ya adhuhuri. Hizo ni nyingi, ila hazina methali yake.

Neno lenyewe linalotumiwa kuwaita wanariadha hawa linastahili kutafakariwa. Chipukizi, kwa mkaazi wa Kericho, Bureti au Konoin, kabla halijawa tamathali ni kitu kinachoshikwa kwa vidole. Mchumaji hodari huchuma majani mawili na kichipukizi chake, basi. Jani gumu huliacha, na mti mchanga ambao haujatandaza matawi hauchumi ovyo, kwani akiuchuma mapema mno utadumaa. Mti uliokomaa nao hupogolewa kila baada ya miaka michache, ukabaki vigongo vitupu, na mgeni apitaye barabarani hudhani umekufa. Mwenye shamba anajua kwamba unakusanya nguvu.

Safari ya Chebet ni ya mti wa namna hiyo. Alilelewa kimichezo katika kambi ya Lemotit huko Londiani, juu zaidi ya mashamba makubwa ya chai. Mwaka 2018 alishinda mita 5,000 katika mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20 jijini Tampere, na mwaka uliofuata akashinda mbio za nyika za umri huo Aarhus. Kwa kipimo cha magazeti alikuwa amekwisha kuiva. Lakini timu ya Olimpiki ya Tokyo, iliyoshindana mwaka 2021, iliondoka bila yeye. Fedha ya dunia ilikuja 2022, kisha 2023 akarudi nyuma hadi shaba. Ni 2024 ndipo alipokuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, kwa muda wa 28:54.14, na kutwaa dhahabu mbili za Paris. Julai 2025 akawa wa kwanza kuvuka chini ya dakika 14 katika mita 5,000, kwa 13:58.06. Toka Tampere hadi hapo ni miaka 7. Laiti angehukumiwa kwa msimu wa 2021, angeandikwa miongoni mwa waliozama.

Cherotich naye hakupanda kwa kuruka ngazi. Mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20 yalipofanyika Kasarani mwaka 2021, alikuwa wa tatu nyuma ya Mkenya mwenzake Jackline Chepkoech na Mhabeshi mmoja. Mwaka uliofuata alishinda Cali. Halafu zikaja shaba mbili mfululizo katika jukwaa la wakubwa, Budapest na Paris, na hapo ndipo penye mtihani. Shaba moja humfurahisha mtu. Ya pili humfanya aanze kuambiwa kwamba huo ndio upeo wake. Tokyo alimaliza kwa 8:51.59, rekodi ya mashindano hayo, akimtangulia Winfred Yavi aliyekuwa bingwa wa Olimpiki.

Haimaanishi kwamba subira hulipa kila mara. Mercy Cherono wa Sotik alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 3,000 mara mbili, 2008 na 2010. Alipata fedha ya dunia 2013, dhahabu ya Jumuiya ya Madola 2014, na Rio mwaka 2016 akawa wa nne. Medali ya Olimpiki hakuipata. Atakayemwita mwanariadha aliyeshindwa kutimiza ahadi atakuwa hajui maana ya kukimbia fainali ya Olimpiki ukaachwa na watu watatu tu duniani.

Mjadala huu haustahili kuachiwa mashabiki peke yao kwa sababu ya hali ya kazi. Mashine za kuchuma chai zimepunguza ajira mashambani, na hasira ilifikia kiasi cha mashine hizo kuchomwa moto Kericho mwezi Mei 2023. Kijana ambaye mama yake alimsomesha kwa kilo za majani anaona njia hiyo ikizibwa, na miguu yake ndiyo mtaji uliosalia. Anapotokea wakala na kumpa tiketi ya mbio za barabarani Ulaya, au kazi ya kuwawekea wengine kasi, nani atamwambia asubiri miaka 7? Pesa ya barabarani ni ya leo, ilhali mita 10,000 uwanjani huenda zisilipe kamwe. Hapa pengine ndipo penye sehemu ya jibu la kitendawili cha wanaume. Wanaohamia barabarani wangali wachanga hawahesabiwi popote, wala hakuna anayewauliza walikokwenda.

Basi lawama isimwangukie kijana. Waliopiga picha na Chebet katika mapokezi ndio wa kuulizwa kambi zilizoko zinalisha wangapi, na mkimbiaji anayeumia kabla ya kupata medali anatibiwa na nani. Ada ya shule ya msichana aliyekuwa wa tatu leo italipwa na nani hadi awe wa kwanza? Mashine ya kuchuma chai hukata kila kilicho mbele yake, chipukizi na jani gumu kwa pamoja, na ndiyo maana wajuzi wa chai husema majani ya mkono ni bora. Kericho inaujua ubora huo vizuri. Serem anasubiri msimu wake wa pili katika jukwaa la wakubwa, na ukimwendea vibaya, magazeti yatakuwa na jina jingine ukurasa wa nyuma.